Dereva Kijana Anapofuatwa na Gari Asilolijua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa miaka mingi nimekaa kiti cha abiria nikiwafundisha vijana kuendesha gari, na maswali haya ndiyo ambayo wazazi na walezi hunivuta pembeni kuniuliza, mara nyingi siku ileile kijana anapopata leseni na kuomba funguo aende peke yake. Nimejibu kwa kirefu pale panapohitaji urefu. Mengine hayadai zaidi ya sentensi chache.

Somo hili lianze lini?

Lisianze wakati kijana bado anahangaika na klachi. Mwanafunzi anayetazama gia kila anapoibadilisha hana nafasi kichwani ya jambo jingine, na ukimlazimisha atakariri maneno yako bila kuyafanyia kazi. Wakati wake ni pale mikono na miguu inapoanza kufanya kazi bila kuamriwa, lakini kabla hajaruhusiwa kuendesha peke yake usiku. Mtu aliyeshtuka hapangi: moyo humwenda mbio, macho humganda kwenye kitu kimoja, mikono hukaza usukani, naye hufanya lile alilolizoea. Kwa kijana aliyepata leseni juzi, alilolizoea ni kurudi nyumbani, na hilo, kama nitakavyoeleza, ndilo asilopaswa kulifanya. Kwa hiyo uamuzi unatakiwa uwe umekwisha kufanywa mezani, siku ambayo hakuna anayemfuata.

Atajuaje kwamba gari lililo nyuma linamfuata, na si kwamba linakwenda njia moja naye?

Mara nyingi mno linakwenda njia moja naye, na kijana aambiwe hivyo mwanzo kabisa asije akaona adui katika kila kioo. Barabara kuu jioni hubeba watu wengi wanaoelekea upande mmoja, na gari moja linaweza kukaa nyuma yako nusu saa nzima bila dereva wake kukumbuka kwamba upo. Kinachotakiwa ni mazoea ya kutupa jicho kwenye kioo cha kati kila baada ya sekunde tano hadi nane, mazoea ambayo dereva mzuri anayo hata pasipo na hatari, kwa sababu ndiyo humwonyesha pikipiki inayokuja kwa kasi au lori ambalo halionyeshi dalili ya kusimama. Anayetazama nyuma pale tu anapoogopa hana kitu cha kulinganisha na anachokiona.

Linalostahili kutiliwa shaka ni gari linalopunguza mwendo kila anapopunguza, lisilopita ingawa limeachiwa nafasi, linalohama leni punde tu baada yake, au lililokuwa limeegeshwa na kuondoka sekunde ileile aliyoondoka yeye. Usiku rangi ya gari haisaidii, kwa hiyo mfundishe kusoma taa: umbo lake, umbali kati ya moja na nyingine, na kama moja imefifia au imeinama kuliko mwenzake. Taa ya kushoto iliyofifia ni alama nzuri kuliko "gari dogo jeusi", kwa kuwa magari madogo meusi barabarani hayana idadi.

Akishuku, atahakikishaje?

Kwa kukata kona nne za upande uleule. Kona nne humrudisha mtu alikotoka, na hakuna mwenye safari yake anayezunguka kitalu kizima ili arudi palepale. Gari ambalo bado liko nyuma baada ya kona ya nne halina maelezo mengi yaliyobaki. Achague kona zisizomlazimu kukatisha mbele ya magari yanayokuja, yaani za kushoto katika nchi zinazoendesha kushoto, na za kulia katika nchi zinazoendesha kulia. Penye mzunguko wa barabara anaweza kuuzunguka mara mbili kabla ya kutoka. Katika barabara ya kasi, apunguze mwendo kidogo, tuseme kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 85, akiwa katika leni ya magari ya polepole, aone kama gari hilo litapita. Lisipopita, atoke kwenye njia ya kutokea inayofuata na kurudi tena barabarani. Kona mbili pekee hazithibitishi chochote, kwani watu wa mtaa mmoja hukata kona mbili pamoja kila siku.

Hili silielezi kwa mdomo tu. Nalifanya na mwanafunzi, mchana, kwenye mitaa iliyopangwa kwa vitalu. Mmoja wao, kufika kona ya tatu, alikuwa ameacha kabisa kutazama mbele kwa jinsi alivyokuwa akilisaka kiooni gari ambalo halikuwepo, na gurudumu la mbele likapanda ukingo wa barabara kwa kishindo. Kilichoumia ni rimu. Tulisimama, tukalikagua tairi, tukarudia zoezi lote tangu mwanzo, na safari hii nilimtaka aseme kwa sauti kila anapotazama kioo: "nyuma", kisha "mbele". Neno "mbele" lilipaswa kufuata neno "nyuma" kabla sijamaliza kuhesabu moja. Tangu siku hiyo hufundisha hivyo kila mwanafunzi, hata wale wanaocheka.

Tahadhari mbili. Asiingie vichochoroni wala mitaa asiyoijua, kwa sababu mtaa usio na mlango wa kutokea humaliza kila mpango. Na asidhani kwamba ni lazima apate uthibitisho kabla ya kuomba msaada. Kama mahali alipo hapafai kwa kona nne, shaka yenyewe inatosha.

Kwa nini asirudi nyumbani, ambako kuna watu wa kumlinda?

Kwa sababu atamwonyesha mtu huyo mahali anapolala, na habari hiyo haifutiki. Usiku huo unaweza kupita salama, lakini kuanzia kesho mfuataji anajua geti, anajua gari huegeshwa wapi, na akipita mara mbili tatu atajua na saa za kutoka. Zaidi ya hapo, wakati dereva anapokuwa mnyonge kuliko wakati mwingine wowote ni ule wa kufika: gari limesimama, injini imezimwa, mlango unafunguliwa, mkono mmoja una begi na mwingine unatafuta ufunguo gizani. Gari linalotembea likiwa limefungwa milango ni ngao. Likisimama mbele ya geti lililofungwa limekwama kama mashua iliyopwelewa.

Wazazi wengi hunibishia hapa kuliko mahali pengine popote. Baba mmoja aliniambia, "Mwalimu, nyumbani nipo mimi." Nilimuuliza kama yupo kila siku na kila saa, na kama mwanawe akiwa njiani anaweza kujua ni siku gani hayupo. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kituo cha polisi kilicho karibu kinafunguliwa saa ngapi, na hapo ndipo mazungumzo yetu yalipoanza kuwa na maana. Kanuni hiyohiyo inahusu nyumba ya rafiki, ya shangazi na ya mpenzi: kumpelekea mtu mwingine hatari mlangoni si kuiepuka.

Akigundua jambo hili akiwa amekwisha kufika mtaani kwao, apite mbele ya nyumba yao kama vile haijui, bila kupunguza mwendo wala kuwasha indiketa. Akiwa amekwisha kuingia uani, abaki ndani ya gari, afunge milango, apige honi mfululizo na apige simu ya dharura.

Basi aende wapi?

Aende mahali penye mwanga, watu na walinzi, pasipofungwa usiku. Kituo cha polisi ndicho cha kwanza, lakini mzazi ahakikishe mapema kama kinafanya kazi saa zote, kwa maana vituo vidogo vingine hufungwa jioni na kijana atajikuta mbele ya mlango wenye kufuli. Kituo cha zimamoto, idara ya dharura ya hospitali, kituo cha mafuta chenye wateja na lango la hoteli kubwa vyote vinafaa. Afikapo asiegeshe kwa adabu mwishoni mwa maegesho na kutembea mita 50 gizani. Asogeze gari hadi mbele kabisa ya mlango, hata kama pameandikwa kwamba hapaegeshwi, abaki ndani huku injini ikiunguruma, apige honi, na ashuke tu pale mtu mwenye sare au mfanyakazi wa mahali hapo atakapofika. Kutozwa faini ya kuegesha vibaya ni bei ndogo.

Mahali hapo pasiwe majina tu kwenye karatasi. Mpeleke mwanao akiendesha yeye mwenyewe, usiku, hadi kwenye viwili au vitatu vilivyo kwenye njia zake za kila siku, mwache aingie na kutoka, aone geti liko upande gani. Dereva ambaye amewahi kuingia pale mara moja ataingia tena hata akiwa anatetemeka. Ukifanya hivyo utagundua pia jambo ambalo ramani ya simu haikuambii, kama vile kwamba lango linalotumika usiku si lile la mbele.

Atapigaje simu huku anaendesha?

Bila kuishika. Simu iwe imeunganishwa na spika ya gari au imekaa kwenye kishikizo kabla ya safari, na kijana awe amejaribu kuipigia kwa sauti akiwa ameegesha, kwa sababu amri za sauti zina vituko vyake na usiku wa hatari si wakati wa kuvijua. Apige namba ya dharura ya nchi aliyomo, kisha ndipo aite wazazi. Namba 112 hutumika katika nchi zote za Umoja wa Ulaya na katika nchi nyingine nyingi. Marekani na Kanada hutumia 911, na Uingereza hutumia 999 pamoja na 112. Simu nyingi huruhusu namba ya dharura kupigwa hata zikiwa zimefungwa kwa nenosiri, na katika nyingi ya simu za kisasa kubonyeza kitufe cha pembeni mara kadhaa mfululizo kunafanya kazi hiyohiyo, mradi awe ameitazama mipangilio yake mapema.

Mpangilio wa maneno una uzito. Aseme kwanza yuko barabara gani na anaelekea wapi, kisha kwamba anafuatwa, kisha gari lake, na mwisho gari linalomfuata. Simu ikikatika baada ya sentensi ya kwanza, polisi wanajua pa kuanzia. Akianza kwa kueleza jinsi alivyoogopa na ikakatika, hawana chochote. Namba za gari la nyuma huonekana kinyume kiooni, kwa hiyo asihangaike kuzisoma zote: herufi mbili au tarakimu tatu zilizotamkwa kwa sauti mpokea simu atazinakili. Akiwa na abiria, kazi yote ya simu ni ya abiria. Asikate simu mpaka aambiwe.

Mzazi akipigiwa simu afanye nini?

Azungumze polepole, amuulize kama amekwisha kupiga namba ya dharura, na kama hajapiga, akate ili apige au yeye mzazi apige kwa niaba yake akitumia simu nyingine. Asikimbilie gari lake kwenda kumkatiza mfuataji. Naelewa damu inavyochemka, lakini badala ya gari mbili zilizo hatarini zitakuwa tatu, na polisi wakifika hawatajua yupi ni yupi.

Je, aongeze mwendo ili amwache?

Hapana. Kwa kilomita 50 kwa saa gari hupita karibu mita 14 kila sekunde. Kwa kilomita 100 hupita karibu mita 28. Nguvu ya mgongano huongezeka kwa mraba wa mwendo, maana yake mwendo ukiwa maradufu mgongano ni mara nne. Kijana mwenye uzoefu wa miezi sita hawezi kushindana kwa kasi na mtu asiyejali, na wengi wa wanaofuata hawahitaji kumfikia; wanahitaji akosee tu. Aende mwendo unaoruhusiwa, kwenye barabara kubwa zenye magari mengine.

Kwenye foleni na taa nyekundu?

Asisimame akiwa amebanana na gari la mbele. Kipimo ninachokitumia ni matairi: akiwa kwenye kiti chake aone matairi ya nyuma ya gari la mbele yakigusa lami. Nafasi hiyo humtosha kukunja usukani na kutoka bila kurudi nyuma. Gari libaki kwenye gia, milango imefungwa, vioo vimepandishwa, na kama anaweza kuchagua leni, achague ile isiyo karibu na njia ya waenda kwa miguu. Anapoiona taa nyekundu kwa mbali apunguze mwendo mapema, ili ikiwezekana aifikie imekwisha kugeuka kijani na asisimame kabisa.

Akigongwa kidogo kutoka nyuma?

Hii ni mbinu ya zamani: unagongwa taratibu, unashuka kutazama bampa, na mlango wako umebaki wazi na ufunguo ndani. Ugongaji wa kweli nao hutokea kila siku, na sheria za nchi nyingi humtaka dereva asimame baada ya ajali. Namna ya kuyapatanisha mawili hayo ni simu. Kama mazingira yanamtia shaka, awashe taa za hatari, amwashirie mwenzake kwa mkono amfuate, aendeshe polepole hadi mahali penye mwanga na watu, na papo hapo apige namba ya dharura kueleza kwamba amegongwa na kwamba hakimbii, bali anasogea mahali salama. Simu hiyo hubaki kwenye kumbukumbu zao, nayo ndiyo ushahidi wake.

Gari lisilo na alama likiwasha taa za polisi nyuma yake?

Apunguze mwendo na kuwasha taa za hatari mara moja, ili askari wa kweli aone kwamba ameonekana na ameheshimiwa. Kisha apige namba ya dharura, aulize kama kuna askari anayemsimamisha mahali hapo, na asogee kwa mwendo mdogo hadi penye mwanga. Akisimama, ashushe kioo kiasi cha kupitisha sauti na karatasi, aseme kwa adabu kwamba anasubiri uthibitisho, na mikono ionekane juu ya usukani. Wakimthibitishia kwamba ni askari, atii bila mabishano. Sitaki kijana yeyote alitumie jibu hili kama kisingizio cha kutosimama.

Na kama anayemfuata ni dereva mwenye hasira?

Kwa vijana, hili ni jambo la kuwaza kabla ya kuwaza mwindaji wa gizani. Kijana kaingia mbele ya mtu vibaya, kapigiwa honi, akajibu kwa ishara ya mkono, na sasa kuna gari linalomkaribia hadi taa zake hazionekani kiooni. Dawa ni kuinyima hasira chakula: asimtazame usoni, asipige honi, asifunge breki ghafla "kumfunza adabu", aachie nafasi apite. Mkono ulioinuliwa kuomba radhi hupoza wengi, hata pale ambapo hukukosea. Asipopita na akaendelea kufuata, yote yaliyosemwa juu yanatumika, na asishuke garini kwenda kuelewana naye.

Anayewashiwa taa na kuonyeshwa gurudumu lake?

Huenda kweli tairi limeisha upepo. Akihisi usukani hauvuti upande na gari halitikisiki, aendelee hadi kituo cha mafuta akakague huko.

Je, kuna vifaa vinavyoweza kumfuata bila gari kuonekana nyuma?

Vipo. Vitufe vidogo vya kutafutia vitu vilivyopotea, kama AirTag iliyotolewa na Apple mwaka 2021, vinaweza kufichwa chini ya kiti, ndani ya buti, nyuma ya bampa au juu ya gurudumu. Simu za iPhone na za Android sasa zina uwezo wa kumwonya mwenye simu kwamba kuna kitufe kisicho chake kinachosafiri naye, na tangu Mei 2024 maonyo hayo yanavuka kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Onyo hilo lisipuuzwe, na kitufe kikipatikana kisitupwe wala kupondwa, maana kina namba ya utambulisho ambayo polisi wanaweza kuifuatilia. Kipigwe picha kilipo, kisha gari liendeshwe moja kwa moja hadi kituoni. Kwa vijana wanaotoka kwenye uhusiano uliovunjika vibaya, hapa ndipo ninapotilia mkazo kuliko kwenye kona nne.

Vipi kwenye maegesho, kabla hajaingia garini?

Ufunguo uwe mkononi kabla ya kutoka ndani ya jengo. Magari mengi yanaweza kupangwa ili kubonyeza mara moja kufungue mlango wa dereva peke yake, na mpangilio huo ufanywe. Aingie, afunge milango, aondoke. Ujumbe wa simu na mkanda wa abiria vitashughulikiwa baadaye. Akihisi kuna mtu nyuma yake, arudi ndani ya jengo.

Nimfundishe hayo yote bila kumtia hofu?

Mfundishe kama unavyomfundisha kubadili tairi, kwa vitendo na bila visa vya kutisha. Mbadilishane: siku moja wewe uwe gari la nyuma, mwambie ni barabara zipi mtapita lakini si wapi utaanza kumfuata, aone itachukua muda gani kukugundua. Tangi lisishuke chini ya nusu. Hilo ni somo la usalama pia, ingawa vijana hulichukulia kama ubahili wa wazee.

Binti yangu alikwenda hadi kituo cha polisi, kumbe aliyemfuata ni jirani. Niseme nini?

Mwambie alifanya sawasawa, na usikisimulie kisa hicho mbele ya wageni kwa kicheko. Kijana aliyechekwa mara moja atasita mara ya pili, na kusita kwake kutamfikisha hadi getini. Muulize alitazama nini kiooni, alikata kona ngapi, simu iliita mara ngapi kabla ya kupokewa, kisha kaeni mwandike majibu hayo yangali mabichi. Jirani naye aambiwe. Kwa kawaida huwa wa kwanza kuomba radhi, na safari nyingine atawasha taa zake na kupita.